Tiketi ya Sinema: Bado Inastahili Hela Yako?

Habari zenu watazamaji wangu, karibuni. Leo mezani hakuna simu mpya, hakuna spika wala televisheni. Bidhaa ninayoichambua leo ni tiketi ya sinema. Mmeniomba muda mrefu, na naelewa kwa nini, maana mashabiki wa filamu siku hizi hatuelewani kabisa kwenye jambo hili. Wapo wanaosema sinema imekwisha: muvi ni marudio matupu, picha giza, maneno hayasikiki, unakaa saa tatu mgongo unauma, halafu wiki chache baadaye kitu hichohicho unakipata kwenye simu ukiwa kitandani. Wapo na wengine, nami nimo, ambao tukisikia ukumbi umefungwa tunaumia kama tumefiwa.

Msimamo wangu nautoa sasa hivi, msiusubiri mwisho. Lawama nyingi tunazozibebesha filamu zilipaswa kubebeshwa ukumbi. Tukinunua tiketi tunanunua mwanga, sauti na watu wa kuangalia nao. Hadithi yenyewe siku hizi inapatikana kila mahali. Kwa hiyo nitauchambua ukumbi kama ninavyochambua kifaa kingine chochote.

Kwanza nimalizane na la marudio, kwa sababu hapo walalamikaji wana hoja. Chukua mwaka 2019. Filamu 10 zilizoingiza fedha nyingi kuliko zote duniani, hakuna hata moja iliyoanza na hadithi mpya na wahusika wapya. Ni miendelezo, ni katuni za zamani zilizotengenezwa upya, ni mashujaa wa vitabu vya picha. Mtu akichoka ana haki yake. Lakini mwaka 2023 ikaja filamu ya mwongozaji Christopher Nolan kuhusu Oppenheimer, mwanafizikia wa bomu la atomiki: saa 3 nzima, sehemu kubwa ni watu wazima wamekaa vyumbani wanabishana fizikia na siasa, na bado ikaingiza zaidi ya dola milioni 900. Na hapa jirani, Nairobi, Septemba 2018, mahakama ilisimamisha kwa siku 7 tu marufuku ya filamu ya Wanuri Kahiu iitwayo Rafiki, na tiketi zikaisha. Filamu ikiwagusa, watu wanapanga foleni. Hamu ya kwenda sinema ipo, msiniambie haipo.

Haya, mwanga. Hapa nitakaa kidogo.

Lalamiko la kwamba filamu za siku hizi ni giza nalisikia kila wiki. Kwenye sinema ya kidijitali kuna kiwango cha mwanga kilichokubaliwa na studio kubwa: picha nyeupe kabisa ikirushwa kwenye skrini inapaswa kufikia kandela 48 kwa mita ya mraba. Televisheni nyingi za sebuleni zinatoa mara kadhaa zaidi ya hapo. Lakini ukumbini 48 inatosha kabisa, kwa sababu chumba ni giza totoro na jicho limeshazoea. Yule fundi wa rangi anayeipa filamu sura yake ya mwisho amekaa kwenye chumba chenye mwanga wa kiwango hichohicho. Akitengeneza tukio la usiku, uso wa mhusika ameuacha uonekane kwa shida makusudi, akijua 48 ipo.

Sasa ukumbi ukikupa nusu yake, ule uso umepotea. Wewe unatoka unasema mwongozaji hajui kazi, kumbe taa ya projekta imezeeka. Taa za zenoni, aina iliyo kwenye projekta nyingi, zinafifia kadiri saa zinavyokwenda, na ni ghali, kwa hiyo mwenye ukumbi anavuta siku. Kile kioo kidogo cha dirisha la chumba cha projekta kikishika vumbi, mwanga unapungua tena. Halafu kuna kumbi zinaonyesha filamu ya kawaida huku zimesahau kuondoa kifaa cha 3D mbele ya lenzi, na hicho kinakula mwanga vibaya sana. Nimeshakaa kwenye ukumbi mmoja hapa Dar, jina naliacha, nikashindwa kujua nani kampiga nani kwenye pambano la mwisho. Filamu ileile nikaja kuiona sehemu nyingine, kila kitu kikawa wazi.

Kipimo chako rahisi ni maandishi meupe ya mwanzo. Yakiwa meupe kweli, kaa utulie. Yakiwa ya kijivu au yameingia manjano, nyanyuka umwone meneja kabla ya dakika kumi kupita. Sisi tuna aibu sana na hili. Mgahawani ukiletewa chai ya baridi unairudisha, lakini sinema tunalipa, tunakaa gizani hadi mwisho, tunakwenda kulalamika nyumbani.

Sauti nayo ina kisa kinachofanana na hicho. Kila ukumbi una kitufe cha sauti chenye namba, na filamu inachanganywa studio kikiwa kwenye 7, ambacho ndicho kiwango rasmi. Ukienda kwenye kumbi nyingi utakuta imeshushwa hadi 5, pengine 4. Kwa nini? Kwa sababu mtu alilalamika kwamba milipuko inamuumiza masikio, na fundi akashusha. Lakini kitufe hakichagui. Kinashusha mlipuko na kinashusha mnong'ono wa mama anayemuaga mwanawe. Mlipuko utausikia tu, ule mnong'ono ndio unakufa.

Jambo jingine ambalo wengi hawalijui: maneno ya wahusika karibu yote yanatoka kwenye spika moja iliyo nyuma ya skrini, katikati. Ndiyo maana skrini ina matundu madogomadogo, ili sauti ipite. Hiyo spika ikianza kuchoka, hasa sehemu yake ya sauti nyembamba, maneno yote yanakuwa kama yanasemwa nyuma ya mlango, wakati muziki wa pembeni unavuma vizuri tu. Naomba tuwe waadilifu lakini. Wapo waongozaji wanaofanya hivyo kwa kusudi, na Nolan amewahi kutetea hadharani uamuzi wake wa kuacha maneno yazame ndani ya sauti nyingine. Kwake yeye lawama mpelekee yeye. Kwa wengine wote, anza na ukumbi. Na kama una uchaguzi wa siti, kaa katikati, kama theluthi mbili ya ukumbi kutoka kwenye skrini. Wanaochanganya sauti hukaa maeneo hayo.

Urefu wa filamu. Eti saa tatu ni ugonjwa wa kisasa. Jamani, sisi watu wa pwani tumelelewa na filamu za Kihindi! Sholay ya 1975 inazidi saa 3, na watu waliiona wakarudi kuiona tena. Tofauti ni kwamba kulikuwa na mapumziko katikati. Unatoka, unanyoosha miguu, unanunua kashata, mnabishana nani atakufa, mnarudi. India hadi leo mapumziko yapo, hata filamu za Hollywood wanazikata katikati. Mwaka 2023 kuna kumbi za Ulaya na Marekani zilijaribu kuweka mapumziko kwenye filamu ya Martin Scorsese yenye dakika 206, zikaambiwa ziache. Mimi hapo siko upande wa studio. Filamu ikivuka saa mbili na nusu, wenye kumbi wa kwetu warudishe mapumziko, na sioni ni nani angelalamika.

Sasa watu. Hapa najua nitagombana na baadhi yenu.

Kuna kundi la mashabiki wanataka ukumbi uwe kimya kama maktaba. Ukicheka kwa nguvu umekosea, ukipiga makofi huna ustaarabu. Nawaheshimu, lakini utamaduni wetu wa kuangalia filamu haukuzaliwa kimya. Waulize wazee waliokwenda Majestic kule Zanzibar, au Empire, Avalon na Cameo hapa Dar, au Drive-In ya Msasani, eneo ambalo sasa upo Ubalozi wa Marekani. Watakwambia nyimbo za Raj Kapoor ukumbi mzima ulikuwa unaziimba. Njoo kwenye vibanda umiza: benchi za mbao, joto, televisheni moja, na sauti ya Lufufu ikikusimulia kwa Kiswahili filamu ambayo lugha yake huijui, akiongeza na maneno yake. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana VJ Jingo na wenzake. Mamilioni ya watu katika ukanda huu walijifunza kupenda filamu kukiwa na mtu anaongea juu yake, na watazamaji wanamjibu. Huo ni usanii, na nasema kwa moyo wote kwamba unastahili heshima kuliko unayopewa.

Kwa hiyo kipimo changu ni hiki: kelele inaelekea wapi? Ukumbi ukishangilia adui akianguka, nimelipia hicho, na kwenye sofa yangu hakipatikani. Anayepokea simu na kuanza kupanga bei ya kiwanja, huyo ametoka kwenye filamu na anatutoa na sisi. Mwanga wa simu ni mbaya kuliko hata maneno. Tumeshaona skrini inavyohangaika kupata kandela 48. Simu iliyowashwa safu ya mbele yako inaishinda yote. Filamu ya taratibu, ya majonzi, hapo ndiyo, tunyamaze. Watazamaji wazuri wanajua tofauti bila kuandikiwa ukutani. Nendeni ZIFF, lile tamasha la filamu, pale Ngome Kongwe, Zanzibar, skrini iko nje, watu wa kila aina, mtaona ukumbi unavyocheka pamoja na kunyamaza pamoja.

Kuhusu kusubiri filamu ije mtandaoni: zamani Marekani filamu ilikaa kumbini karibu siku 90 kabla ya kwenda majumbani. Janga la korona likavunja huo utaratibu. Mwaka 2021 Warner Bros. walitoa filamu zao za mwaka mzima kumbini na kwenye HBO Max, huduma yao ya filamu mtandaoni, siku moja huko Marekani. Siku hizi nyingi zinasubiri siku 45 au chini ya hapo, na Universal wamewahi kushuka hadi 17. Anayesubiri simlaumu, kwa filamu nyingi kusubiri kunalipa. Ila hesabu na bando lako, na kumbuka kwamba sauti iliyotengenezwa kukuzunguka pande zote inabanwa ipite kwenye spika mbili nyembamba za televisheni.

Linaloniuma zaidi ni filamu zetu. Bongo Movie ilikua kwenye diski. Enzi za marehemu Steven Kanumba, filamu ilitoka ikaenda moja kwa moja dukani na mabasini, kumbi zikabaki za Hollywood na za Kihindi. Tukapata nyota wanaojulikana hadi Kongo, lakini mtazamaji wa kawaida hakuzoea kuiona kazi ya Mtanzania kwenye skrini kubwa, na mafundi wetu wakazoea kuchanganya sauti ya televisheni. Halafu akaja Amil Shivji na Vuta N'kuvute, kutoka riwaya ya Shafi Adam Shafi, ikaonyeshwa Toronto mwaka 2021. Angalia vile vichochoro vya Mji Mkongwe na vile vivuli vyake, ile ni kazi ya skrini kubwa. Ikionyeshwa ukumbini popote ulipo, nenda wiki ya kwanza. Ukumbi unahesabu viti wiki ya kwanza, na filamu isiyo na watu Jumapili inakuwa imeondolewa Ijumaa.

Uamuzi wangu. Kama ukumbi ulio karibu nawe unabadilisha taa kwa wakati, unaacha sauti ilipopaswa kuwa na unamtoa mwenye simu, tiketi naipa 8 kati ya 10: moja nimekata kwa sababu ya bei ya bisi na soda, moja kwa kukosa mapumziko. Kama hautunzi mashine zake, 4, na hiyo 4 ni ya watazamaji peke yao. Nunua tiketi kwa filamu iliyotegemea picha na sauti, kwa kichekesho au filamu ya kutisha inayotaka ukumbi umejaa, na kwa filamu yoyote ya nyumbani iliyopigwa vizuri. Mwendelezo wa tano wa kitu ambacho hata cha tatu hukukipenda, subiri kije kwenye simu. Mlio karibu na ukumbi wa IMAX, yaani ule wa skrini kubwa kupita kawaida, kabla ya kulipia zaidi, ulizeni kwanza kama filamu ilipigwa kwa kamera za IMAX au imekuzwa tu. Kama imekuzwa tu, ukumbi wa kawaida wenye taa nzima unawatosha.