Mazabodi za Kuharakishia Prosesa: Ipi Inunuliwe, Ipi Iachwe Dukani

Malalamiko ninayoletewa na wasomaji yanafanana mno: mtu ameuziwa prosesa ya Intel, Core i7-7700K, iliyopachikwa ndani ya kompyuta ya ofisi iliyokwisha tumika, akailipia ile herufi K, alama ya prosesa iliyoachwa wazi kuongezwa kasi, kwa matumaini ya kuipandisha, kisha akafungua BIOS, yaani menyu ya mipangilio ya kompyuta, na kukuta hakuna cha kugusa. Prosesa ni nzima. Iliyofungwa ni mazabodi, ile bodi kuu inayobeba prosesa, kwa kuwa chipseti yake, yaani chipu inayoamua bodi iruhusu nini, ni Q270. Kasi hupatikana kwa kuzidisha mapigo ya msingi ya megahezi 100, kwa mfano mara 45 ili kupata gigahezi 4.5, na kwa kompyuta za kawaida za miaka ya karibuni Intel huruhusu kizidishi hicho kipandishwe kwenye chipseti za familia ya Z tu. Watengenezaji wa mazabodi walipopata mwanya wa kuyapandisha mapigo ya msingi yenyewe, Intel iliuziba mapema mwaka 2016.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa AMD, mshindani wa Intel, bila kuona haya. Chipseti ya B550, iliyotoka mwaka 2020, ni ya bei ya kati, lakini inafungua kile ambacho Intel hukitoza kwa bei ya juu. Prosesa ya Ryzen 5 5600 inaitosha vizuri. Ryzen 7 5800X3D iepukwe kwa kazi hii, kwani kizidishi chake kimefungwa na AMD wenyewe.

Hata hivyo, ruhusa ya chipseti haitoshi, na hapa ndipo wanunuzi wengi hawatazami kabisa. Umeme wa volti 12 hushushwa hadi volti moja na kidogo na transista zilizopangwa upande wa kushoto na upande wa juu wa soketi, pale prosesa inapokaa. Prosesa inayokula wati 120 kwa volti 1.2 huvuta ampea 100, na mkondo wote huo hupita katika vipande hivyo vidogo vyeusi. Visipofunikwa na alumini ya kupoza huchemka, mazabodi hujihami kwa kupunguza umeme, na kasi uliyoihangaikia hushuka katikati ya kazi, nawe ukabaki kuilaumu feni. MSI MAG B550 Tomahawk ina vipoza vinene pande zote mbili, na ndiyo chaguo langu. Nimeona B550 nyingine zikiwa uchi kabisa, na zinauzwa kwa jina lile lile la chipseti.

Nafasi ya pili ni Z690 na Z790 kwa aliye na prosesa ya K ya Intel ya kizazi cha 12 hadi cha 14 tayari (i7-7700K haiingii humo), mradi mfuko umruhusu. B660 na B760 huharakisha kumbukumbu, lakini kizidishi cha prosesa hazikigusi. A520 na H610 ni za ofisini.

Wauzaji nao wanachosha. Tangazo huandikwa "i7, RAM 16, SSD", chipseti haitajwi, picha ni ya boksi, na bei eti uifuate inboksi, ambako hubadilika kulingana na namna ulivyosalimia. Mtake muuzaji apige picha ya mazabodi yenyewe, jina lake lililochapishwa lisomeke na eneo la kuzunguka soketi lionekane. Akikataa, fedha zako zibaki mfukoni.