Huduma ya kuletewa ndege ndogo toka Wilson mpaka Mwanza: mtafute rubani kabla hujalipa

Wadau wa Kanda ya Ziwa mnaopiga hesabu za kununua ndege ndogo ya mtumba nje ya nchi, hii inawahusu. Mi na wenzangu wawili tumemaliza kuileta Cessna 172 yetu, ndege ya injini moja na viti vinne, kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi mpaka hapa Mwanza, na tulimtumia rubani wa kukodi, wale ambao kazi yao ni kuhamisha ndege, anaipokea kwa muuzaji anakuja kukukabidhi wewe. Jina simtaji, mwenyewe kaomba, kazi anapata kwa watu kuambiana na hapendi simu za watu asiowajua. Ila huduma yenyewe nataka niielezee vizuri maana naona watu wengi wanadhani pale unamlipa mtu kurusha ndege basi. Kiukweli kurusha ndo kipande kidogo kuliko vyote.

Kabla yake tulikuwa tunafikiria lori. Kuna msafirishaji alitupa bei ya Nairobi, Sirari, Tarime mpaka Mwanza na kwa haraka haraka ikaonekana nafuu sana. Sasa kaa chini uwaze, 172 ncha ya bawa mpaka ncha ni mita 11, mwili wake ni mita 8 na kitu, mabawa yanafunguliwa unabaki na vipande virefu vya alumini nyembamba ambavyo vinatakiwa vipite matuta yote ya barabarani bila kugongana, bila mtu kuvikalia, bila kamba kukaza sehemu isiyotakiwa. Halafu ikifika huku bado unahitaji injinia mwenye leseni arudishe mabawa, aunganishe nyaya za kuongozea na mabomba ya mafuta, apime, asaini, ndo rubani aijaribu angani. Ule unafuu wote unaishia hapo. Lori naona ni la ndege ambayo haiwezi kuruka kabisa, na kama haiwezi kuruka sijui unainunua kwa nini labda kwa vipuri.

Basi tukampata huyu Kapteni kupitia mwenzetu mmoja aliyesomea urubani Wilson. Mtu mzima, Mkenya, miaka mingi kwenye Cessna. Na kitu ambacho naomba mkishike ni kwamba tulimtafuta wakati hela bado iko kwa wakili, muuzaji hajaipokea. Tulimpigia tukitegemea ataanza na bei, yeye akaanza na logibuku, yani yale madaftari ya historia ya ndege, la mwili, la injini na la propela, akataka picha ya kila ukurasa wa miaka ya karibuni. Bei akasema tutaongea baadae.

Ile ndege ni ya mwishoni mwa miaka ya 70, 172N, injini yake ni Lycoming O-320-H2AD. Hii injini ina sifa moja ambayo muuzaji hakuigusia, kamshafti yake, ule mhimili unaofungua vali, inaliwa hasa ndege ikikaa muda mrefu bila kuruka, maana oili inashuka vyuma vinabaki vikavu vinapata kutu. Kapteni alivyoona kwenye daftari kuna miezi ndege imelala tu, akasema kichujio cha oili kifunguliwe, kikatwe, aangalie kama kuna chembe za chuma ndani. Muuzaji akalalamika, injini haijafika hata nusu ya zile saa 2,000 za kufanyiwa matengenezo makubwa, ya nini yote hayo. Kapteni hakubishana nae, akasimama pale hangani mpaka fundi akakikata mbele yake, akatutumia video. Kilikuwa safi. Silinda nazo zikapimwa kompresheni zote nne zikawa nzuri.

Shida ikaja kutokea kwenye kiti. Kwenye hizi Cessna za zamani kiti cha rubani kinatembea juu ya reli yenye matundu na kuna pini inayoingia kwenye tundu kukizuia. Matundu yakilika, pini haishiki, na ukiweka pawa ya kupaa kiti kinaweza kurudi nyuma na wewe umeshika usukani, unauvuta, pua inanyanyuka juu na miguu haifiki kwenye pedali. Watu wamekufa hivyo, ndo maana Marekani walishatoa agizo la lazima la kukagua hizo reli tangu miaka ya 80. Za kwetu zilikuwa zimelika. Muuzaji anasema aisee imeruka juzi tu haina shida. Kapteni akanipigia akaniambia, "Kijana wangu, mimi hii siikalii mpaka reli zibadilishwe, na gharama iwe ya muuzaji." Na ikawa ya muuzaji, kwa sababu hela ilikuwa bado kwa wakili! Kama tungekuwa tumeshalipa tungejibiwa hiyo ni ndege yenu sasa, tengenezeni. Nadhani mmenielewa kwa nini nasema mtafute rubani kwanza. Watu wa huku tumezoea magari ya Japani, unalipa alafu unasubiri meli kwa maombi, kwenye ndege usifanye hivyo tafadhali.

Kingine ambacho watu hawajui ni ishu ya leseni. Ndege yetu ilikuwa bado na usajili wa Kenya, ile 5Y, na kwa utaratibu wa kimataifa wa Mkataba wa Chicago wa 1944 rubani anatakiwa awe na leseni iliyotolewa au kutambuliwa na nchi ilikosajiliwa ndege. So hata kama una mdogo wako ana leseni ya Tanzania na masaa mengi, hawezi tu kwenda Wilson akaichukua, lazima apitie utaratibu wa kutambuliwa Kenya. Kapteni leseni yake ni ya hukohuko. Bima nayo, kampuni ya bima iliuliza masaa yake kwenye 172 kabla ya kukubali na ikaandika jina lake yeye tu. Mwenzetu mmoja alitaka sana apande nae aje akiwa ndani, kashanunua na koti la baridi, Kapteni akakataa. Bima haimtaji, na Wilson iko juu kama futi 5,500 kutoka usawa wa bahari, hewa nyepesi, injini ya farasi 160 inapumua kwa shida, tangi zimejaa, hakutaka kilo hata moja ya ziada. Mwenzetu alinuna kidogo ila mi nilimuunga mkono Kapteni na bado namuunga.

Mafuta nayo alishayapigia hesabu zamani. Hizi injini zinatumia avigasi, ile petroli ya ndege ya bluu, na avigasi sio kama mafuta ya ndege kubwa kwamba kila kiwanja utaikuta. Akajaza full Wilson, tangi zetu ni zile kubwa zinazokupa karibu lita 190 za kutumika, injini inakula lita 30 na kidogo kwa saa. Safari nzima kwa kupitia KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro, ni kilomita 700 na ushee, mwendo kama 200 kwa saa, ina maana inafika Mwanza na akiba ya karibu masaa mawili bila kumuomba mtu mafuta njiani. Akasisitiza pia tutafute avigasi ya kukaa nayo huku huku kabla ndege haijafika, maana ndege isiyo na mafuta ni sanamu.

Kwa nini KIA wakati Nairobi na Mwanza kwa mstari ulionyooka ni kama kilomita 450 tu? Uhamiaji na forodha. Ndege inaingia nchini kama mali iliyonunuliwa, alitaka iingilie sehemu ambayo hao watu wanazijua hizi kazi, na wakala wetu wa forodha awe anamsubiri pale pale. Akatoka Wilson asubuhi kabla jua halijakolea, KIA akatua vizuri, makaratasi yakachukua muda ila yakaisha.

Halafu akatutumia ujumbe kwamba leo haji.

Sisi huku tulishakuwa uwanja wa ndege, mama yangu yupo, na padri tulishamuomba aje aibariki. Kapteni anasema nyanda za juu za Ngorongoro zimefunikwa na wingu limelala kabisa juu ya milima, na yeye anaruka kwa macho, hapiti chini ya wingu kwenye milima na hapiti ndani yake. Ile milima sio ya mchezo, ukingo wa kreta wenyewe uko kwenye mita 2,300 na kuna kilele jirani kinapita mita 3,600. Akalala Arusha. Asubuhi yake wingu bado lipo, akabadilisha njia, akashuka kusini akapita Ziwa Manyara na Ziwa Eyasi ambako ardhi iko chini, akatokezea upande wa Meatu na Maswa, ndo akaja kutua kwetu. Mzunguko ulimuongezea dakika kadhaa na mafuta kidogo, ile akiba ndo kazi yake hiyo.

Kuna ndugu aliniambia huyo rubani wenu muoga, na siku moja zaidi mmemlipa bure. Mimi sikubaliani kabisa. Sisi watu wa ziwa hili, baada ya ile ajali ya ndege ya Novemba 6, 2022 pale Bukoba tulipopoteza watu 19, hatuna haja ya kuelezwa hali ya hewa inaweza kufanya nini, na sisemi kwamba mambo yanafanana, ndege ile na hii ni vitu viwili tofauti, nasema tu kwamba rubani anayekupigia simu kukwambia leo siji, huyo mlipe siku yake kwa moyo mweupe. Mama yangu mwenyewe alisema bora alale, akaondoka akaenda zake sokoni Kirumba.

Alipofika hakukabidhi funguo akaondoka. Alikaa na sisi na fundi wetu mchana mzima akatuandikia kila alichokiona njiani, taa moja ya bawa inachezacheza, kipimo cha tangi la kulia kinadanganya kwa hiyo tutumie kijiti kupima mafuta, breki ya kushoto laini. Akatuonyesha kumwaga mafuta kidogo kutoka chini ya tangi kila asubuhi kuangalia kama kuna maji, na akatununulia kifuniko cha kile kibomba cha kupimia mwendo maana nyigu wanapenda kujenga mle ndani. Na hivi mnavyojua makorongo wa Mwanza, wale ndege wakubwa wa porini, walivyo wengi, akatuambia tujifunze masaa yao na wanapopenda kuzunguka.

Bei sasa. Anatoza kwa siku, pamoja na chakula, malazi, ada za viwanja na mafuta kwa risiti. Nusu kabla, nusu ndege ikishatua. Sio rahisi na sitasema ni rahisi, na kwa kuwa ni kwa siku, wingu likikaa wewe ndo unalipa, so wekeni hela ya siku za ziada kwenye bajeti. Nauli ya kurudi alishangaza, alisema nipeni ya basi, akapanda zake la Nairobi kupitia Sirari. Ambacho sikukipenda ni mawasiliano, akiwa kazini hapokei simu kabisa, unapata ujumbe wa maneno manne alafu kimya masaa, kwa mtu ambae hela yake iko angani inatesa. Na risiti zingine zilikuwa za mkono, mtunza hesabu wetu alihangaika nazo.

Makaratasi ya upande wa Tanzania hafanyi. Kufutwa kwenye usajili wa Kenya alitusaidia kufuatilia, ila kuibadilisha kuwa 5H, usajili wa Tanzania, ni wewe na TCAA, mamlaka yetu ya usafiri wa anga, na mambo ya kodi ni wewe na wakala wako, anzeni mapema kabla ndege haijaondoka iliko. Yetu iko kwenye hatua hiyo sa hizi, imepaki, tunaitunza kama fundi alivyoelekeza ile kamshafti isije ikaanza mambo yake.

Kama unamtaka, nenda Wilson uliza kwenye hanga za mafundi wa Cessna, watakuelekeza ukieleza ndege ya aina gani na inakwenda wapi. Kazi za huku kwetu anapenda zaidi kipindi cha kiangazi, kuanzia Juni mpaka Septemba, masika hazikubali, kwa hiyo kama dili lako linaiva mwezi Machi jiandae kulipia maegesho Wilson mpaka mvua ziishe.