Programu ya uhasibu ya TallyPrime kwa hesabu za ubia wa makandarasi: nzuri kwa vitabu, lakini mgawo ufanye mwenyewe

Makandarasi wawili wakichukua zabuni ya barabara kwa ubia wa 60 kwa 40, bila kusajili kampuni mpya, IFRS 11, kiwango cha kimataifa cha uhasibu wa ubia, inamtaka kila mmoja aingize kwenye vitabu vyake sehemu yake ya mali, madeni, mapato na matumizi, mstari kwa mstari. TallyPrime haina kitufe cha kazi hiyo. Bado ni chaguo zuri, mradi ipangwe vizuri tangu siku ya kwanza.

Ufungulie ubia kampuni yake ndani ya Tally. Ukiuweka kama kituo cha gharama tu ndani ya vitabu vya mbia kiongozi, benki na wadai wa ubia watachanganyika na wa kwake, na mbia wa pili hatakuwa na kitu cha kukagua. Vituo vya gharama vitumie ndani ya vitabu vya ubia: madaraja, tuta, lami. Hapo Tally ni hodari kwelikweli, na ripoti zake hutoka haraka.

Shida huanza mwisho wa mwezi. Wengi hukimbilia Group Company, sehemu ya Tally ya kuunganisha vitabu vya kampuni kadhaa, lakini yenyewe hujumlisha salio zote kwa asilimia 100. Mbia wa 60 atajikuta ameonyesha hata deni la mwenzake. Njia salama ni kutoa urari wa ubia kwenda Excel, kuzidisha kila leja kwa 0.60, kisha kuingiza vocha ya jarida kwenye vitabu vya mbia. Kama kila mwezi unaingiza salio la jumla tangu mwanzo, futa kwanza lile la mwezi uliopita kwa jarida la kinyume. Usitumie vocha ya Reversing Journal kwa kazi hii! Hiyo ni ya makadirio tu: huonekana kwenye ripoti ukiita scenario (mwonekano wa makadirio), na haigusi vitabu halisi.

Michango ya mbia ipite kwenye leja moja ya kati. Tuseme michango yote ni shilingi milioni 200 na wewe umetoa milioni 130. Sehemu yako ni milioni 120, hivyo leja ibaki na milioni 10, ambazo ni dai lako kwa mwenzako. Ikibaki tarakimu nyingine yoyote, kuna vocha iliyoandikwa upande mmoja tu, na mara nyingi ni ankara ambayo mbia ameulipia ubia kutoka benki yake.

Jingine linalosahaulika ni mitambo. Ukiukodishia ubia greda kwa milioni 10, milioni 6 umejikodishia mwenyewe. Ziondoe kwenye mapato na kwenye matumizi, ubaki na milioni 4 za mwenzako. Tally haitakukumbusha.

Kwa ulinzi, washa Edit Log, yaani kumbukumbu ya mabadiliko ya vocha, na kwenye ngazi za watumiaji weka tarehe ya ukomo wa vocha za nyuma. Mwezi ukishagawanywa, vocha moja ya kurudi nyuma huharibu vitabu vitatu kwa pamoja.

Leseni ya Silver ni ya kompyuta moja. Ikiwa wahasibu wa pande zote mbili wataingiza vocha kwenye mtandao mmoja wa ofisi, nunua Gold, ambayo ni ya watumiaji wengi. Na kama ubia wenu umesajiliwa kuwa kampuni, na wabia wana haki tu juu ya mali inayobaki baada ya kutoa madeni, mgawo huu wote hauhitajiki: uwekezaji hukaa kwenye mstari mmoja, ukiongezwa sehemu ya faida na kupunguzwa gawio, na TallyPrime inalimudu hilo kwa jarida moja.