Blender katika kazi ya kuzungusha maumbo: tathmini ya mtumiaji

Programu ya Blender, ambayo msimbo wake umekuwa huria tangu mwaka 2002, husifiwa mara nyingi kwa sababu hailipiwi. Hapa nitaipima kwa kazi moja tu, ambayo kila mtengenezaji wa maumbo ya pande tatu huifanya kutwa: kuligeuza umbo likaelekea linakotakiwa.

Kwa upande wa kasi sina cha kulalamikia. Mtumiaji hubonyeza R, akataja mhimili kwa X, Y au Z, akaandika nyuzi 90 na kuthibitisha kwa Enter, hivyo kwamba umbo hugeuka robo mzunguko kamili bila kipanya kuguswa. Anayependelea kipanya amewekewa pete nyekundu, kijani na buluu, moja kwa kila mhimili, na akishikilia Ctrl umbo husogea kwa hatua za nyuzi 5. Kubonyeza R mara mbili huliachia umbo lizunguke huru kama mpira chini ya kiganja, jambo linalofaa kwa kutawanya mawe na karibu halifai kwa kingine chochote.

Ubora wake hasa uko katika kutenganisha maswali mawili ambayo wanaoanza huyachanganya: umbo lifuate mihimili ipi, na kitovu cha mzunguko kiwe wapi. Chukua boneti ya gari lililoegeshwa kimshazari. Ukiifungua kwa mhimili wa X wa dunia, yaani ule wa eneo zima la kazi usiogeuka na umbo, itainuka imepinda na kuingia ndani ya kioo. Ukibonyeza X mara ya pili, programu inahamia kwenye mihimili ya boneti yenyewe, na ukiwa umeweka kishale cha pande tatu (alama unayoweza kuiweka popote) kwenye bawaba na kukichagua kuwa kitovu, boneti inafunguka kama boneti.

Penye udhaifu ni kwenye namna mzunguko unavyohifadhiwa. Maumbo ya kawaida huanza na pembe tatu za Euler, yaani pembe moja kwa kila mhimili zikifuatana, kwa mpangilio wa XYZ, ambao ni rahisi kusomeka lakini una mtego wake: mhimili wa katikati ukifika nyuzi 90, ile miwili mingine hulala kwenye mstari mmoja. Andika 90 kwenye Y, kisha badilisha X, halafu Z, na utaona umbo likizunguka mstari uleule, kana kwamba mhimili mmoja umeibwa. Dawa ni kubadili mpangilio, ili katikati ukae mhimili usiotarajiwa kufika huko, au kutumia kwatenioni, namba za sehemu nne alizozigundua William Rowan Hamilton mwaka 1843. Hizo nazo hazihesabu mizunguko kamili, kwa hiyo gurudumu lililoamriwa kutoka nyuzi 0 hadi 720 litasimama pale pale, huku lile la Euler likizunguka mara mbili kama lilivyoagizwa. Ndiyo maana mifupa ya wahusika, yaani viungo vya ndani vinavyowatembeza, huanza na kwatenioni, na mimi magurudumu huyaacha kwenye Euler.

Uchaguzi huu mzito umewekwa kwenye paneli ya pembeni inayofunguliwa kwa N, bila onyo lolote, na anayeubadilisha katikati ya kazi hugundua kwamba fremu kuu za umbo, yaani mikao ya mwendo wake, alizokwisha kurekodi hazihamii kwenye mfumo mpya zenyewe. Kwa programu iliyofikiriwa vizuri hivi kwingineko, naona huo ni uzembe.

Amri ya Ctrl+A, inayorudisha namba za mzunguko kwenye sifuri bila umbo kuyumba, husaidia sana kabla ya kulipeleka umbo kwenye programu nyingine. Itumie ukijua inachofuta: ukiitekeleza kwenye boneti ile, mihimili yake inarudi sambamba na ya dunia, na kubonyeza X mara mbili hakutaifungua tena sawasawa.