Kenwood Chef A901 ya Zamani: Nati Moja Iliyonifanya Niipende

Hamjambo watazamaji wangu, karibuni tena jikoni. Leo utangulizi naukata, maana tangu asubuhi nina hamu ya kuwaonyesha hii hapa mezani. Mikisa ya Kenwood Chef A901! Imetengenezwa Uingereza, toleo hili lilianza kutoka mwaka 1976. Nimeinunua kwa mama mmoja aliyekuwa anahama nyumba hapa Mombasa, shilingi 6,500, na bakuli lake na mwiko wake wa kuchanganyia wenye umbo la K.

Wati sijui ngapi, bakuli linajaa kiasi gani, hayo mnayajua. Mimi nataka mwone nati hii. Sogeza kamera. Karibu zaidi, hapa juu ya shina la mwiko. Mnaiona?

Sasa natia vijiko viwili vya unga mkavu ndani ya bakuli na kuwasha polepole. Mwiko unajizungusha upande mmoja, huku wenyewe unalizunguka bakuli upande wa pili, kwa hivyo unapita kila mahali. Lakini tazameni chini: unga umebaki kama duara, haujaguswa. Ingekuwa siagi na sukari, ingebaki hivyo hivyo, na keki ikatoka na madoa.

Nazima, nachomoa plagi. Nainua kichwa, naushika mwiko kwa mkono wa kushoto, nalegeza nati kwa spana. Nazungusha shina kidogo, mwiko unashuka. Nakaza. Nashusha kichwa, nachomeka, nawasha... oneni unga unavyofagiwa! Ukisikia chuma kinakwaruza bakuli, umeshusha kupita kiasi, rudisha juu kidogo. Unataka upite kama unagusa na haugusi.

Niliwahi kununua mikisa mpya dukani, jina silitaji. Mwiko haukufika chini, na hakuna mahali pa kurekebisha. Haikumaliza mwaka, gia ya plastiki ikasagika nikikanda unga wa mandazi. Fundi akaniambia spea hakuna. Roho iliniuma sana, jamani, zile ni pesa za oda za Idi nzima!

Haya, turudi. Ukipata mashine ya umri huu, usikimbilie kuichomeka. Ndani, karibu na mota, kuna kapasita, vile vipande vidogo vinavyohifadhi umeme. Zikizeeka ganda linapasuka, unyevu unaingia, kisha siku moja pah! moshi na harufu kali jikoni kote. Mimi nilizibadilisha kabla sijaoka hata keki moja. Vifurushi vya kapasita na trayaki, kile kipande kinachodhibiti mwendo wa mota, vinauzwa Uingereza hadi leo, vinaletwa kwa posta. Na mashine ikikimbia mbio moja tu, hata ukiweka namba 1, hapo mshuku trayaki. Kama hujazoea kulehemu, mpelekee fundi wa redio, ataelewa mara moja. Na umkumbushe kwamba kapasita huweza kushika umeme hata plagi ikiwa imechomolewa.

Miguu ya mpira nayo huyeyuka ikawa kama lami. Kwangu iliacha alama nyeusi mezani, nikaikwangua yote nikaweka mipya.

Kuna mliouliza kuhusu mikisa za KitchenAid za zamani kutoka Marekani. Ni mashine imara, siwezi kuzisema vibaya. Lakini zile za kwao ni za umeme wa volti 120, na sisi hapa tuna 240, kwa hivyo utahitaji transfoma, na transfoma yenyewe ina bei yake. Hii ya Uingereza inakula umeme wetu moja kwa moja. Kenneth Wood ndiye aliyeanzisha kampuni mwaka 1947, jina la Kenwood likatoka kwake. Umbo hili la kona safi likaanza kwa mchoro wa Kenneth Grange wa 1960. Ma-Kenneth wawili! Mimi naliona zuri kuliko mikisa nyingi za leo.

Jumamosi tutafungua sanduku la gia: grisi ya zamani tunaitoa yote, tunatia ya chakula, kiasi cha gramu 130. Si grisi ya gari, tafadhali, gia ziko juu ya bakuli la chakula chako. Bonyeza kengele isikupite.

Haya, siagi imelainika, sukari hii hapa. Naweka namba 2. Nyamazeni kidogo msikie mota.