Madaraka Express kwa bei nafuu: tiketi gani ukate kwanza

Nauli ya Madaraka Express, treni ya abiria ya Nairobi na Mombasa, haina mchezo wa kupanda na kushuka. Tangu Januari 2024, Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 daraja la kawaida na 4,500 daraja la kwanza, uwe umekata mapema au umekata jana. Anayewahi hapati punguzo. Anapata kiti cha 1,500 kabla hakijaisha. Shule zikifungwa, au Krismasi ikikaribia, hivyo ndivyo vinavyokwisha kwanza, na anayechelewa hubaki akitazama vya 4,500. Ndiyo maana Desemba, mabasi yanapopandisha nauli, tiketi ya treni ndiyo ya kuikimbilia.

Chaguo langu la kwanza ni daraja la kawaida, treni ya saa mbili asubuhi. Husimama njiani, Mtito Andei, Voi, Mariakani na kwingine, kwa hiyo hukawia kama saa moja zaidi kuliko ile ya moja kwa moja. Wengi huikwepa kwa sababu hiyo. Lakini inakufikisha Miritini, stesheni ya Mombasa, mchana, matatu za mjini zikiwepo tele. Na kama safari yako inaishia Voi, kata ya Voi. Usilipie Mombasa ya bure.

Ya pili ni ile ya alasiri. Bei ni ile ile, mwendo ni wa saa tano hivi, ila unaingia Mombasa giza limeshatanda.

Ya usiku naiweka ya tatu, ingawa wengi huisifia eti inaokoa pesa ya hoteli. Inaondoka saa nne usiku na kukushusha Miritini alfajiri haijafika. Hakuna vitanda, ni viti tu. Saa hizo mwenye teksi ndiye mwenye bei, na ulichookoa utamkabidhi yeye. Labda uwe na ndugu wa kukupokea.

Daraja la kawaida lenyewe ni la kubanana: behewa moja lina viti 118, watatu huku, wawili kule, mnatazamana magoti kwa magoti. Daraja la kwanza lina 72. Nafasi hiyo ni tamu, lakini si tamu ya mara tatu ya bei. Ningeinunua kwa mzee mwenye maumivu ya mgongo, basi. Lile la juu kabisa, la 12,000, ni la kampuni inayokulipia.

Mwenye watoto aangalie umri: wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu, chini ya hapo ni bure. Familia ya watu watano hapo inaokoa kuliko ujanja mwingine wowote.

Kata mwenyewe kwa *639# au mtandaoni, ulipe kwa M-Pesa. Tiketi hubeba jina na nambari ya kitambulisho, kwa hiyo ya mlanguzi inaweza kukuacha langoni na mizigo yako.

Kisha piga hesabu ya kufika stesheni. Kutoka katikati ya Nairobi kuna treni ya kukupeleka hadi Syokimau, iliko stesheni ya Madaraka Express. Teksi ya asubuhi kwenye foleni ya Mombasa Road inaweza kukaribia nauli yenyewe. Wanaokwenda Diani, pwani ya kusini mwa Mombasa, nao wasiingie kisiwani: kutoka Miritini wapite barabara ya Dongo Kundu, feri ya Likoni waiache na wenyewe.