Kifaa cha kusomea PDF: kabla hujatoa hela mjini Mwanza soma hapa

Kuna dogo anasoma chuo kule Malimbe, kaja kwangu na tableti mpyaa, kava linang'aa, ila akifungua noti zilizoskaniwa unaweza kwenda Mwaloni ukachagua dagaa ukarudi, ukurasa wa tatu bado mweupe. Kuicheki, RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo kifaa hufanyia kazi, GB 1. Sasa hapo ulitegemea nini?

Iko hivi, noti zilizotaipiwa ni nyepesi, ila zilizoskaniwa kila ukurasa ni picha nzima, kifaa kinabidi kiichore upya kila ukifunua, na RAM ikiwa ndogo kinasahau kurasa za nyuma, ukirudi kinaanza moja.

Namba moja kwangu, na hapa sibishani na mtu, ni laptopu ya mtumba yenye SSD, yaani diski ya kasi isiyozunguka, na RAM GB 8. Muuzaji akikwambia "hii GB 500" muulize ni SSD au ile diski ya kuzunguka, maana wengi wanakutajia ukubwa tu wananyamaza. Weka SumatraPDF, programu ya kusomea PDF, ya bure na nyepesi. Shida ni betri, za mtumba nyingi zimechoka, umeme ukikatika na wewe umekatika.

Namba mbili tableti ya inchi 10, RAM GB 4 kwenda juu. Ukurasa wa A4 unausoma bila kukuzakuza, hata ukiwa umebanwa kwenye daladala ya Nyegezi.

Tatu Kindle, kile kifaa cha Amazon cha kusomea vitabu. Jamani naipenda, juani unasoma safi kabisa, kaa juu kwenye kivuko cha Kamanga saa saba mchana utaniambia, na chaji inakaa wiki kadhaa. Lakini hiyo ni ya riwaya, PDF ya A4 kwenye kioo cha inchi 6 herufi zinakuwa sisimizi, ukikuza kioo kinapepesa halafu kinavuta.

Tableti za RAM GB 1 na 2 acha tu.

Ila kabla ya yote jaribu MuPDF, programu nyingine ya kusomea PDF, kwenye simu uliyonayo, unaweza ukakuta huhitaji kununua kitu.

Dukani nenda na flashi yenye faili lako zito kuliko yote, lifungue, ruka mpaka ukurasa wa 200, rudi wa kwanza. Muuzaji akisema faili lako bovu mwambie alifungue hilohilo kwenye kifaa cha pembeni.

Ile ya dogo wamerithi wadogo zake, wanaangalia katuni.